Wapendanao na Fumbo Lao: Riwaya ya Vijana Kando ya Reli ya Kabalo

Mwezi wa Oktoba 1915, mashua mbili ndogo za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliteremka na mto Lualaba mpaka Kabalo, nchini Kongo. Zilikuwa zimevuka bahari hadi Cape Town, zikapandishwa treni hadi Katanga, zikaburutwa na ng'ombe na mashine za mvuke juu ya milima ya Mitumba, halafu zikarudishwa majini huko Bukama. Kabalo zikapakiwa tena kwenye mabehewa, mwendo wa kilomita 273, kuelekea Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo pana mji wa Kalemie. Tarehe 26 Desemba mwaka huohuo zikaiteka meli ya Kijerumani, Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Vita hivyo vidogo vilizaa kitabu kikubwa. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa The African Queen, riwaya iliyochota mengi kutoka mapambano yale ya ziwani. Dada wa mmisionari na fundi wa mashua, watu wasiofanana kwa lolote, wanateremka mto wakipanga kuilipua meli ya Wajerumani, na njiani wanapendana. John Huston akaigeuza filamu mwaka 1951, akawaweka mbele Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na sehemu ya picha akaipiga Kongo, kwenye mto Ruiki unaoingia Lualaba karibu na Ubundu. Hata meli inayowindwa kitabuni ina mfano wake wa kweli: Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Iliibuliwa baadaye, ikapewa jina la Liemba, ikabeba abiria wa Kigoma kwa miongo mingi.

Kwa hiyo njia hii ya mto na reli imeshachangia hadithi ya mapenzi inayojulikana dunia nzima. Ila wapendanao ndani yake ni wageni, na wenyeji hawapewi nafasi ya kupenda wala kupendwa. Zaidi ya miaka mia imepita tangu Mimi na Toutou. Kabalo bado ni njia panda ya reli, ambapo njia ya Kalemie inakutana na ile ya Kongolo na Kindu na ile ishukayo Kamina hadi Lubumbashi. Na vijana wake wanapendana kama vijana wa kwingineko, kwa siri nyingi.

Siri ndiyo chumvi ya aina ya riwaya inayozungumzwa hapa. Wachapishaji wa Ulaya na Marekani wameitengea rafu yake: riwaya ya vijana, ya wakati huu, yenye mapenzi na fumbo. Wahusika wakuu wana miaka kati ya kumi na mitano na ishirini hivi. Kuna mvulana na msichana, wapenzi au wanaotaka kuwa wapenzi, na kuna jambo lililofichwa: mtu ametoweka, mtu ameuawa, au mtu si yule anayejidai kuwa. John Green alimfanya kijana mmoja amtafute jirani yake aliyetoweka baada ya usiku mmoja wa vituko, katika Paper Towns ya mwaka 2008. Karen McManus naye, katika One of Us Is Lying ya mwaka 2017, aliwafungia wanafunzi watano katika chumba cha adhabu shuleni, mmoja akafa, na wanne waliobaki wote wakawa washukiwa. Mapenzi yakachipuka kati ya washukiwa hao.

Ufundi wake unaeleweka haraka. Riwaya ya mahaba peke yake ina swali moja tu, iwapo hawa wawili watapatana, na msomaji mzoefu hulijua jibu tangu ukurasa wa kumi. Riwaya ya upelelezi nayo ina swali lake, ni nani aliyetenda, lakini huweza kuwa kavu, maana msomaji hana haja ya kumpenda yeyote. Mwandishi akizifunga pamoja, kila swali linalichelewesha lingine. Msichana anakaribia kumwamini mvulana, mara anakuta simu ya marehemu imefichwa chini ya godoro lake. Sasa je, ampende au amripoti? Mwandishi mbovu hulitatua jambo hilo katika sura inayofuata. Mwandishi hodari humwacha msichana anyamaze, aendelee kutabasamu, na taharuki ikae ndani ya tabasamu lile.

Anayedhani kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani hajafungua vitabu vya Kiswahili. Fumbo lilipata hadhi katika riwaya ya Kiswahili mapema sana. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwaka 1957/58 kwa hadithi ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko chake, akaendelea kufumbua mambo katika Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Ni kweli kwamba Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes, na mwandishi hakulificha hilo. Lakini yanayofumbuliwa si mambo ya London. Ni urithi, ndoa, uchawi unaosingiziwa watu, na watoto ambao uzazi wao una maneno. Faraj Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha miaka ya sabini na themanini yakaja mafuriko ya vitabu vyembamba vya Dar es Salaam: Elvis Musiba na kachero wake Willy Gamba, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, Hammie Rajab na wengineo. Walimu waliviita riwaya pendwa kwa sauti ya dharau kidogo. Wanafunzi walivificha ndani ya daftari za hesabu.

Kisha magazeti yakauchukua mchezo huo. Eric Shigongo, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa Buchosa, alijipatia jina kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya kila wiki, mojawapo ikiwa Rais Anampenda Mke Wangu. Jina lenyewe limeshamaliza kazi: mapenzi yapo, hatari ipo, na msomaji ameshatoa hela. Kila toleo lilikatika pabaya kwa makusudi, na aliyetaka kujua kilichofuata alisubiri wiki nzima. Leo mfululizo kama huo unasomwa kwenye simu, sehemu ya kwanza bure na zilizobaki kwa kulipia.

Lakini ukivipanga mezani vitabu vya Kiswahili vilivyodumu, vile ambavyo kijana anavikumbuka hata baada ya mtihani, unaona jambo la kushangaza. Fumbo kubwa la mapenzi yetu ni nadra kuwa mauaji. Mara nyingi ni uzazi: huyu ni mtoto wa nani?

Katika Nyota ya Rehema ya Mohammed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, Rehema anazaliwa na ngozi nyeusi kuliko wazazi wake, na shaka ya baba inamfuata maisha yake yote, mpaka kwenye mapenzi na mpaka kwenye shamba la urithi. Hakuna polisi anayechunguza, ila kila mtu wa nyumba ile ni mshukiwa.

Mfano ulio karibu zaidi na riwaya ya vijana ya leo ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996 na kusomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya kama kitabu cha kiada. Msimulizi ni kijana aitwaye Kongowea Mswahili. Amezaliwa nje ya ndoa, mama yake Zainab Makame ni mwimbaji wa taarabu wa Tanga, na baba hayupo. Mama anapofariki, kijana anabaki mikononi mwa jamaa ambao si wote wenye huruma. Anavuka mpaka kuingia Kenya na kupanda hadi Kitale, akimsaka baba ambaye hajawahi kumwona. Katikati ya safari hiyo yupo Vumilia. Walibora mwenyewe alikulia upande huo wa Kitale, kwa hiyo kijana anaposogea kaskazini maelezo yanazidi kuwa na vumbi, baridi na majina ya kweli. Wako wahakiki wanaosema matukio ya bahati yamezidi kitabuni, na hawajakosea: watu hukutana mno. Hata hivyo kitabu kinasomeka kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kila anayemjali Kongowea huenda anajua kitu ambacho Kongowea hakijui. Walibora aliaga dunia mjini Nairobi Aprili 2020, na mazingira ya kifo chake yakawa yenyewe jambo la kuchunguzwa na polisi.

Euphrase Kezilahabi alikuwa ameshaonyesha mwaka 1971, katika Rosa Mistika, jinsi kipande cha karatasi kinavyoweza kuendesha riwaya nzima. Rosa, binti wa Ukerewe, anaandikiwa barua na kijana Charles. Baba yake, Zakaria, anaigundua, anampiga, na kuanzia hapo binti anajifunza kwamba kupenda ni jambo la kufichwa. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, jambo lililokisaidia kusomwa. Adam Shafi naye, katika Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, aliweka siri ya aina nyingine katikati ya wapenzi: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, anampenda Denge, na Denge ana shughuli za usiku za kupigania uhuru wa Zanzibar, polisi wa kikoloni wakimnusa nyuma. Amil Shivji aliitoa filamu yake mwaka 2021, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, na vijana ambao hawakuwahi kushika kitabu wakajua kwa mara ya kwanza kwa nini wazee wao walikuwa wakilitaja jina la Denge.

Mbona uzazi na barua, wala si maiti na bastola? Jibu la mwandishi wa makala haya ni kwamba mapenzi kwetu hayajawahi kuwa mali ya watu wawili. Kuna mahari, kuna wazee wa pande zote mbili, kuna ukoo unaoulizwa kabla ya jina. Nchini Kongo, sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa ndoa kwa mke na mume, na mahari imo ndani ya sheria hiyohiyo. Kwa hiyo anayeficha ukoo wake amelificha jambo ambalo siku ya mahari litatajwa mbele ya watu, na msomaji anajua kwamba siku hiyo itafika. Hilo ni bomu lenye saa, na halihitaji baruti.

Hapa ndipo Kabalo inapokuwa na utajiri ambao pwani haina. Riwaya nyingi za Kiswahili zinategemea jina la baba: mtoto asiye na baba hana mlango. Lakini kando ya reli hii wanaishi watu wasiohesabu ukoo kwa namna moja. Waluba huufuata ukoo wa baba. Wahemba wa upande wa Kongolo wanajulikana kwa kuufuata ukoo wa mama, na kwao mjomba ana neno zito kuliko baba mzazi. Kijana wa Kihemba asiyemjua baba yake hajapoteza kila kitu. Asiyejua mama yake alitoka wapi, huyo ndiye aliyepotea. Mwandishi akimhamisha Kongowea Mswahili kutoka Tanga na kumpandisha treni Kongolo, msuko mzima utalazimika kugeuka. Msako utakuwa wa bibi, wa dada wa bibi, wa kijiji ambacho mama alikikimbia. Na mvulana wa Kiluba akimpenda msichana wa Kihemba, watoto wao watadaiwa na pande zote mbili, au pasiwe na upande wowote ulio tayari kuwakubali. Fumbo hilo halijaandikwa vya kutosha katika Kiswahili.

Lipo pia jambo gumu zaidi. Tangu mwaka 2013 maeneo ya Nyunzu, Kabalo na Manono yameona mapigano kati ya Waluba na Wabatwa, vijiji vimechomwa na watu wengi wamekimbia makwao. Miongoni mwa malalamiko ya Wabatwa limo la ndoa: mwanamume wa Kiluba huweza kumchukua msichana wa Kibatwa, lakini kijana wa Kibatwa kumwoa binti wa Kiluba ni jambo linalokataliwa. Mapenzi ya vijana wawili wa pande hizo yana siri ndani yake hata kabla mwandishi hajabuni chochote. Ni mada ya kushikwa kwa mikono miwili. Anayeitumia kama pambo la kusisimua tu atawaumiza watu walio hai.

Na kuna treni yenyewe. Wapelelezi wa Ulaya wamefumbua mafumbo mengi ndani ya mabehewa, kwa sababu treni huwafungia washukiwa pamoja. Treni ya SNCC, shirika la reli la Kongo, inayotoka Lubumbashi kuelekea Kalemie inafanya hivyo maradufu. Safari huhesabiwa kwa siku, na injini ikiharibika siku hugeuka wiki. Watu hupika, hufua, huuza, hugombana, husali na huchumbiana humohumo njiani. Msichana anayerudi nyumbani baada ya kufanya Exetat, mtihani wa taifa, mvulana mwenye mzigo asiotaka ufunguliwe, mama mwenye mabeseni ya samaki wakavu anayeona kila kitu na kujifanya amesinzia: wahusika wameshakaa tayari. Njia panda ya Kabalo inawapa wapendanao nafasi ya kupotezana, maana anayeshuka kubadilisha treni kuelekea Kindu na anayeendelea ziwani huweza kuachana hapo bila kuagana.

Historia nayo ina vyumba vyenye giza. Aprili 1961, wakati wa vita vya Katanga, wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliwakamata mamluki wa kizungu wapatao thelathini hapohapo Kabalo. Mwandishi wa riwaya ya vijana hahitaji kuvirudia vita. Anahitaji sanduku moja la bati, picha moja ya mwaka huo, na mjukuu anayejiuliza kwa nini babu amekata uso wa mtu mmoja pichani.

Wakongo wenyewe hawajakaa kimya katika fasihi, ila wengi wameandika kwa Kifaransa. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, alichanganya mapenzi na ujasusi katika Le Bel immonde ya mwaka 1976: waziri wa Kinshasa anampenda mwanamke wa usiku mwenye uhusiano na waasi, na hakuna anayejua ni nani anamtumia nani. Ni kitabu cha watu wazima, tena kigumu. Kwa wasomaji wa kawaida wa nchi za Kifaransa, kampuni ya Nouvelles Éditions Ivoiriennes ya Abidjan ilianzisha mwaka 1998 mfululizo wa Adoras, vitabu vidogo vya mahaba vyenye wapenzi Waafrika na miji ya Kiafrika, na vikauzwa mbali na Ivory Coast. Mashariki mwa Kongo hakujawa na mfululizo wa namna hiyo kwa Kiswahili, ingawa mahaba na visa vya ndoa vimechezwa kwa lugha hiyo jukwaani na redioni kwa miongo mingi na kundi la Mufwankolo la Lubumbashi. Masikio yapo basi. Kinachopungua ni kurasa.

Sababu mojawapo ni shule. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, na mtoto huanza nacho darasani, lakini punde Kifaransa huchukua nafasi, na kazi za fasihi zinazotahiniwa ni za Kifaransa. Kijana wa Kabalo anaongea, anatania na anatongoza kwa Kiswahili, kisha anaandika insha kwa lugha nyingine. Kiswahili cha kuandikwa anakutana nacho zaidi kanisani. Si ajabu akidhani kwamba lugha hiyo ikiwekwa kitabuni lazima iwe na sauti ya mahubiri.

Mwandishi chipukizi atakutana na swali la usemi mara tu wahusika wake wakifungua midomo. Masimulizi anaweza kuyaandika kwa Kiswahili sanifu ili msomaji wa Kigoma na wa Mombasa amfuate. Mazungumzo je? Wapenzi wa Kabalo wakiongea kama watangazaji wa redio ya Dar es Salaam, hakuna atakayewaamini, na fumbo litaanguka pamoja nao. Wakiongea kama wanavyoongea barazani, na Kifaransa kikidondoka katikati, msomaji wa mbali atajikwaa mara mbili tatu, halafu atazoea. Kwa riwaya ya fumbo usemi huo una faida ya ziada: namna mtu anavyotamka inaweza kuwa kidokezo. Anayejidai mzaliwa wa Kalemie, huku ulimi wake ukisema Lubumbashi, ameshajifichua bila kujua.

Njia ya kuchapisha ni ndefu lakini ipo. Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea miswada ambayo haijachapishwa pamoja na vitabu vipya, na mshindi wake wa kwanza wa riwaya, mwaka 2015, alikuwa Anna Samwel Manyanza wa Tanzania kwa muswada wenye jina ambalo lingefaa kabisa rafu hii: Penzi la Damu. Nchini Tanzania kuna pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023. Mwandishi wa Kabalo anayeitazama ya Cornell atahitaji muswada kamili uliochapwa kwa kompyuta, muda wa umeme wa kutosha kuumaliza, na mtu wa kuusoma kabla haujatumwa, ikiwezekana mtu asiyemjua muuaji mapema.